Feni Inayopewa Shikamoo

Ilianza Jumatano, saa nne na robo asubuhi, tukiwa kwenye Jiografia. Mwalimu wa zamu alisimama mlangoni akatuambia kwamba yule mama wa duka la uchapaji, anayetuchapia mitihani, amefariki alfajiri baada ya homa ya ghafla. Atazikwa alasiri, na kesho ndugu yake atafungua duka ili karatasi zetu za muhula zimaliziwe. Wenzangu waliinama. Mimi pia niliinama, lakini ninyi mnaosoma ubao huu wa matangazo wa shule na kunijua kwa kuandika kuliko kusema, niwaambie ukweli: kabla ya machozi ilinijia hofu. Nilikumbuka kwamba kompyuta yake ya kuchapia haiwezi tena kumwonya mtu, na aliyebaki anayelijua hilo ni mimi peke yangu.

Kompyuta yenyewe ilitoka Masasi, mtumba, maana tangu nchi ifungue milango ya biashara huria vitu vingi vinatufikia huku Newala vikiwa vimeshachosha watu wengine. Mama, kama nilivyozoea kumwita, alikuwa mpiga taipu wa ofisi iliyouzwa, akapunguzwa kazi, akafungua duka. Sasa mnaijua miezi ya salfa. Mikorosho ikipuliziwa kuanzia Mkunya hadi huku mjini, ule unga wa njano unaingia hadi kwenye sukari, sembuse ndani ya mashine. Ukaila feni ya kuipoza. Fundi redio wa Masasi akampa nyingine, nzima kabisa, ila haikuwa na ule waya mwembamba wa kuiarifu kompyuta kwamba inazunguka. Basi feni inavuma, mashine imepoa, lakini kila baada ya kitambo kioo kinapiga kelele kwa herufi nyekundu: feni imekufa, zima haraka. Wateja wakaanza kuondoka na karatasi zao. Mzee mmoja aliyetoka Chiungutwa alisema, "Mama, mgonjwa wako analalamika." Mama akamjibu, "Halalamiki, babu, anaota tu." Babu akaondoka hivyo hivyo.

Nilikuwa nikienda Jumamosi kujifunza kuchapa, ndiyo maana nilikuwepo siku aliyoamua kuinyamazisha. Hakukurupuka. Siku kadhaa kabla yake, kila akipita, alikuwa anaweka kiganja nyuma ya mashine kupima upepo, mpaka akaridhika kwamba onyo lile ni la uongo. Ndipo akaingia kwenye faili ambalo mfumo wenyewe unalilinda usiguswe, akabadilisha kipande kinachotoa onyo, akazima, akawasha. Faili limerudi kama lilivyokuwa. Akabadilisha tena, likarudi tena. "Unamwona huyu?" aliniambia akicheka. "Kama mama mkwe. Ukihamisha chungu, ukigeuka kimesharudi." Alipochimba zaidi aligundua kwamba mashine huficha nakala ya akiba, na faili likiguswa, huichukua hiyo na kulirudisha. Akahifadhi nakala ya asili kwenye diski ndogo ya kuchomeka, akaiweka ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kisha akaanza kubadilisha ile ya akiba, ndipo akaja kwenye faili lenyewe. Akawasha. Kimya. Nilikuwa kama nimemwona mtu akiingia chumba kilichofungwa, akapanga vyombo, akatoka, na kufuli halijaguswa.

Lakini kilichonishangaza zaidi kilikuja baadaye. "Mwanangu," akasema, "mlinzi tumemlaza. Sasa nani anakesha?" Nikanyamaza, kama kawaida yangu. "Sisi. Kila asubuhi ukiwasha, unampa shikamoo." Akaushika mkono wangu, akauweka nyuma, upepo ukanigonga kiganjani. "Hiyo ndiyo marahaba yake. Asipoitika, zima." Na haikupita siku hata moja asimsalimie. Mwalimu wa kwaya alipoona onyo jingine, kwamba diski ya pili, ya kuwekea kazi za wateja, inakufa, akamwomba alizime na hilo nyimbo zake zichapwe haraka, Mama alikataa. "Hili silizimi. Hili linasema kweli." Akazinakili nyimbo zote kwanza. Wiki iliyofuata diski hiyo ikafa kweli, na kwaya ikaimba.

Msibani nilikaa na wanawake nikimtazama yule ndugu yake, ambaye nami namwita Mjomba, kule kwenye mkeka wa wanaume. Niliinuka kwenda kumwambia, nikaishia kubeba ndoo ya maji. Huku kwetu msichana akinyamaza husifiwa, nami sifa hizo nimezichuma za kutosha. Ila jioni ile nilianza kuutazama ukimya kwa jicho jingine. Mama aliweza kunyamazisha kitu kwa sababu alikubali kukesha badala yake. Wengi wetu, tukishanyamazisha, tunalala. Nami kunyamaza kwangu kulikuwa kunamkeshea nani?

Asubuhi yake nilimkuta Mjomba ameshawasha.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Karatasi zenu bado, mwanangu."

"Sijafuata karatasi."

Nikazunguka meza, nikaweka kiganja nyuma. Joto, bila upepo. Kioo kilikuwa kimya, kimetulia, kana kwamba hakuna jambo.

"Zima, Mjomba."

"Nizime? Mbona haijasema kitu?"

"Haiwezi kusema. Zima."

Akanitazama, akazima. Tulifungua ubavu wa mashine, tukaikuta feni imekabwa na salfa, tukaipangusa kwa brashi ya viatu mpaka ikazunguka kwa kidole. Alipowasha tena, upepo ukanigonga. Nikamwomba mkono wake, nikauweka palepale alipouweka Mama mkono wangu.

"Umesikia?"

"Upepo," akasema.

"Kakuitikia. Na kesho umsalimie tena."