Kasimiri Anunua Ndege kwa Kilo

Kasimiri, dalali wa viazi pale Makambako, hakuwahi kumwibia mtu. Asiyeamini na aulize: mkulima alileta gunia la kilo mia, naye akalinunua kama gunia la kilo mia. Kwamba gunia hilo lilikuwa limeshonewa kilemba cha wavu juu ya mdomo wake, wapakiaji wakalisindilia kwa magoti mpaka likaota shingo na kichwa, hiyo ilikuwa desturi ya soko. Lumbesa, kama inavyoitwa, hakuianzisha yeye. Aliikuta, akaipenda.

Mizani alikuwa nayo, tena nzuri, yenye muhuri wa mwaka huu. Ilikaa stoo chini ya turubai, ikatolewa siku ya wakaguzi wa vipimo na kurudishwa jioni ile ile. Wakulima waliijua kwa sifa tu.

Sasa mtu wa namna hii akifikisha miaka hamsini na miwili, ana nyumba, ana Fuso mbili, na kila jirani naye kanunua Fuso, lazima atafute kitu cha kumtenga na wengine. Kasimiri akatafuta ndege. Mkewe, Oktavia, alidhani ni utani mpaka alipomkuta sebuleni akibishana kwenye simu na muuzaji wa Afrika Kusini. Kumbe ziko ndege ndogo zinazouzwa katika makasha, vipande vipande, mnunuzi akaziunda mwenyewe nyuma ya nyumba yake. Kasimiri alizichagua kama watu wa Makambako wanavyochagua chombo chochote: spea zinapatikana wapi, inakula mafuta kiasi gani, inabeba mzigo gani. Swali la tatu ndilo lililowachanganya wauzaji. Wa Afrika Kusini alijibu kwamba inabeba rubani mmoja na begi moja dogo. Ya Waitaliano ilikuwa na magurudumu ya toroli. Nyingine ilimpendeza kwa kila kitu, ila spea zake zilitoka katika nchi ambayo hakuweza hata kulitamka jina lake. Kuhusu leseni ya urubani, alisema hayo ni mambo ya baadaye.

Miaka miwili alizunguka hivyo, na moyo wake ulikuwa umezama kweli kweli. Usingizini alijiona akipita juu ya barabara ya Njombe, malori yamekwama chini, madereva wakiinua nyuso na kusema, yule ni Kasimiri.

Ndipo akasikia habari za Mwalimu Lenard wa Mdandu. Mzee huyu alifundisha ufundi miaka mingi, akastaafu, akarudi kulima viazi. Ndege yake ya makasha aliiagiza akiwa bado na macho. Mkia na bawa moja vilikuwa tayari. Kisha mtoto wa jicho akamwahi. Alitaka kumuuzia mtu atakayeimaliza.

Kasimiri alifika Mdandu na koti lake zito la baridi, akaingia kibandani, akakuta bawa limelala juu ya vigoda, jeupe, jepesi, limeungwa kwa mkono usio na haraka. Alilishika, akalipapasa kama shavu la mtoto. Aliona aibu, akajifanya kukohoa.

"Kamwene, mwalimu. Hii naichukua."

"Kamwene. Soma kwanza hapo."

Palikuwa na kibati kilichobandikwa kwenye kiti: rubani asizidi kilo tisini na tano. Kasimiri akacheka kwa kujiamini, kama mtu wa soko aliyetajiwa bei ya kuanzia.

"Hizo ni kilo za kwenye karatasi, mwalimu. Gunia nalo huandikwa mia, likabeba mia na thelathini. Umewahi kuona limepasuka?"

"Halipasuki kwa sababu halipandi angani," akajibu Lenard taratibu. "Na hizo thelathini nazifahamu, bosi. Miaka kumi na miwili zimekuwa zikitoka shambani kwangu."

Mzee akaendelea bila hasira, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. Yuko kijana wa Mbeya, mwembamba, anaitaka ndege hiyo hiyo. Lakini Kasimiri katangulia, basi apewe nafasi mpaka Jumamosi Kuu, kesha ya Pasaka. Siku hiyo apande kwenye mizani yake mwenyewe, ile yenye muhuri. Asome mkulima, aandike kilo, atie sahihi kwamba mizani ni ya kweli, na picha itumwe Mdandu, mzee asomewe. Ikizidi tisini na tano hata kidogo, ndege itakwenda Mbeya.

"Kwa nini mkulima?"

"Kwa sababu hao wamezoea kuona kilo zikizidi."

Kesho yake, Jumatano ya Majivu, kabla wakulima hawajafika, mizani ikatolewa stoo. Kasimiri alivua koti, viatu, mkanda, akatoa simu na funguo mifukoni, akapanda. Mia na sita. Yeye aliyekuwa akiongeza miaka yote sasa alianza kupunguza. Aliacha kitimoto, aliacha pombe ya ulanzi, ugali akaukata nusu, kisha robo. Alitembea kwa miguu mpaka Kitandililo na kurudi. Padre alimsifu kanisani kwa mfungo wa dhati, naye akainamisha kichwa kwa unyenyekevu asiokuwa nao. Kila alfajiri mizani ilitoka, kila alfajiri ikarudi chini ya turubai. Njaa ilimfanya mkali kwa wapakiaji, na wao wakaipeleka hasira yao kwenye magunia. Kwaresima ile vilemba vilirefuka kuliko mwaka wowote.

Jumamosi Kuu alilazimika kupima mchana kweupe, maana alihitaji shahidi. Wakulima walikuwa wamejaa uwanjani na magunia yao. Kasimiri, suruali ikimpwaya, akapanda mbele yao wote. Mshale ukatetemeka, ukasimama kwenye tisini na tano.

Alipiga ukelele kama mtoto. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Mmeona? Mmeona wenyewe? Mizani hii haikosei hata chembe! Ina muhuri wa serikali!"

Akamkabidhi kalamu na karatasi mkulima aliyekuwa mbele kabisa, mama mmoja wa Kitandililo aitwaye Ema, mtu mpole aliyemuuzia viazi kwa miaka na hakuwahi kulalamika. Ema aliandika tisini na tano. Alipofika penye sahihi, akasita.

"Bosi, nasaini kwamba ni ya kweli. Ngoja na mimi niione vizuri."

Akawapungia wapakiaji mkono. Nao, kwa furaha ya bosi wao au kwa njaa yake aliyowatesa nayo, wakalibeba gunia lake na kulisimamisha juu ya mizani, shingo, kilemba na yote. Mshale ukazunguka, ukavuka mia bila kupunguza mwendo, ukatua kwenye mia na thelathini na nne.

Wakulima wakasogea kuuona mshale. Hata aliyekuwa akimenya muwa aliacha.

Ema alimtazama Kasimiri, kalamu bado iko hewani. "Niandikeje, bosi? Ni ya kweli, au ni mbovu?"

Kasimiri akatazama karatasi, akatazama mshale. Aliliona lile bawa jeupe juu ya vigoda, na kijana mwembamba wa Mbeya akilipakia garini. Maneno ya kusema mizani ni mbovu yalikuwa tayari mdomoni. Aliyazoea, yangetoka yenyewe. Akayameza. Yalikuwa machungu kuliko njaa ya siku zote arobaini.

"Ya kweli," akasema kwa sauti ya chini.

"Sijasikia."

"Ya kweli, mama!"

Ema akasaini polepole, herufi moja moja. Kasimiri akapiga picha ile karatasi, akaituma Mdandu. Jibu lilikuja upesi: njoo uchukue ndege yako.

"Bosi," akauliza mpakiaji mmoja, "mizani tuirudishe stoo?"

Kasimiri aligeuka amjibu. Ema alikuwa amekwisha kukishonoa kilemba cha gunia lake, na nyuma yake wakulima walikuwa wakiburuta magunia yao kujipanga foleni mbele ya mizani.