Mita Mbili za Waya

Sisi mafundi wa redio tuna kiburi cha kijinga. Mtu akishalehemu transista mbili zikakubali, anajiona bingwa. Nilikuwa hivyo hivyo. Pale Kasongo nilitunza fonia ya parokia, ile redio ya kuita na kujibu inayotuunganisha na vijiji vya Kabambare ambako simu haishiki. Nyumbani nilikuwa najitengenezea redio yangu ndogo ya kunasa stesheni za mbali, nikapungukiwa na waya wa kuzungusha koili. Nikakata mita mbili kwenye mkono mmoja wa antena ya parokia. Nilijua kabisa kwamba mikono yote miwili hupimwa kufuata urefu wa wimbi na lazima ilingane. Nikajiambia mita mbili si kitu.

Kesho yake mchana akaja mama mmoja jirani yetu, na kikombe cha maji mkononi. Mdogo wake wa kiume alikuwa mahututi kule Kabambare. Zamani waligombania shamba, naye mama akamtamkia neno baya la laana. Kwetu neno la dada mkubwa huondolewa na kinywa chake mwenyewe: anatia maji mdomoni, anayapuliza, anasema nimekuachilia. Siku hizi watu huyapuliza mbele ya mikrofoni, na mimi napangusa mashine.

Nikavaa visikilizio. Kabambare walisikika vizuri: "Kasongo, Kasongo, mugonjwa iko hapa, mujibu!" Nikajibu. Hawakunisikia. Nikajibu tena, mashine ikapata moto, nikaelewa papo hapo: antena niliyoikata ilipokea, lakini haikutuma. Kuunga waya ilikuwa kazi ya nusu saa. Lakini padri alikuwa amekaa mlangoni, na angeuliza ule waya ulikwenda wapi.

"Mama, mashine yao imekufa," nikasema.

"Basi nitarudia kesho, mutoto wangu."

Jioni hiyo ningeweza kurekebisha, padri alikuwa ameenda zake. Aibu yangu kubwa iko hapo. Koili yangu ilikuwa inanasa vizuri mno, nikaona uvivu kuikunjua. Kesho yake mama alirudi, na mimi nikarudia uongo uleule.

Siku ya tatu mpwa wa yule mama alifika kwa pikipiki kutoka Kabambare, akatukuta mimi na mama uani mwa parokia.

"Mujomba alikufa," akasema. "Tulimubeba na kitanda mpaka kwa fonia, siku mbili mufululizo, hamukujibu. Alisema dada angali na hasira."

Mama akanigeukia. "Si ulisema mashine yao imekufa?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli, padri hayupo, kijana yuko pale pale wa kuupeleka ukweli huo nyumbani. Nikasema, "Hawakusikika, mama."

Hakunikasirikia. Alinishika mkono kwa nguvu, analia.

"Umuambie huyu mutoto kama nilikuya siku zote mbili. Wewe ndiye shahidi wangu."

Nikamtolea ushahidi, tena kwa sauti kubwa.