Kaseti Iliyorudi Imejaa

Dada yangu aliikuta kaseti ile kwenye sanduku la nguo za mama, imefungwa ndani ya kitambaa cha kichwa, akanitumia kwa mkono wa muumini mwenzetu aliyekuwa akirudi Johannesburg. Ujumbe wake wa simu ulikuwa mfupi: "Nadhani ina sauti ya mama. Sina pa kuichezea. Isikilize, unitumie."

Mama alikuwa amefariki miezi minane iliyopita. Alikuwa mtu wa kukimbia kamera, na akipigiwa simu alisema maneno matatu kisha akampa simu aliye karibu. Picha zake tulikuwa nazo chache. Sauti yake hatukuwa nayo kabisa.

Kaseti yenyewe niliijua. Mwisho wa miaka ya tisini nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili, nikiishi katika chumba cha kupanga mtaa wa Turffontein, hapahapa Johannesburg, na mama hakujua kuandika. Basi tuliandikiana kwa sauti. Yeye alizungumza, dada akishika kinasa sauti, kaseti ikaja kwa mkono wa mtu anayesafiri. Nikishasikiliza, nilirekodi jibu juu ya kaseti ileile, nikaitafutia msafiri wa kurudi. Wengi tulifanya hivyo, na sikumbuki hata mmoja wetu, pamoja na elimu yote ile, aliyesimama kuwaza kwamba kila jibu lilifuta swali lake. Kisha mwaka 2000 nikanunua simu ya mkononi nzito kama tofali, duka la jirani yetu kule nyumbani likapata simu pia, na kaseti haikusafiri tena. Ilibaki kwa mama. Aliyezungumza mwisho ndani yake ni mimi.

Tumaini langu lilikuwa uvivu wangu. Kama sikuwa na mengi ya kusema siku ile, basi nilipoishia mimi, mama angeendelea.

Midrand tunakoishi hakuna mwenye mashine ya kaseti. Gari langu la mwisho lenye mashine hiyo nililiuza zamani, nikijisifu kwamba nimeendelea. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nikamchukua binti yangu, mwenye miaka kumi na sita, tukaenda Malvern kwa fundi cherehani Mkongomani anayenishonea mashati. Yeye bado hushona akisikiliza kwaya za kwao kwenye redio ya kaseti.

"Karibu, papa prof," akasema. "Leo umeleta kitambaa?"

"Nimemleta mama yangu."

Akaniangalia, akaiangalia kaseti, akazima kwaya bila kuuliza zaidi.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya kijana anayejipenda sana. Alimsalimu mama yake kwa sentensi mbili, kisha akasema: "Sasa mama, kuhusu hili suala la mwaka elfu mbili, lina pande tatu." Akaanza kueleza jinsi kompyuta za dunia nzima zitakavyodhani ni mwaka 1900, na kwa nini wataalamu wanatofautiana. Upande wa kwanza wa suala hilo pekee ulichukua kama dakika kumi.

Fundi aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. "Huyu mutu anasema sana. Ni pasta?"

"Ni mimi."

"Eish. Pole, papa."

Binti yangu alicheka mpaka akashika meza. Huelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Aliniuliza kwa lugha yake kama bibi aliweza kusikiliza yote haya. Nikamwambia sijui. Sikuwa nikicheka.

Tukageuza upande wa pili. Nilizungumza dakika chache zaidi, nikaaga, na mashine ikatoa mlio mdogo wa kuzimwa. Nilishika ukingo wa meza. Kilichofuata kilikuwa muziki.

Kwaito. Nyimbo zilizokuwa zikipigwa katika kila teksi ya mji huu mwaka ule, nilizozirekodi kutoka redioni, moja baada ya nyingine, hadi utepe ukaisha. Ndipo nikakumbuka. Kwetu chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Ukiletewa maziwa kwa kibuyu, kibuyu kinarudi na unga, au walau majani ya chai. Niliona aibu kumrudishia mama kaseti nusu. Nikaketi kitandani jioni nzima, kidole kwenye kitufe, nikimjazia. Nilimfuta kwa adabu.

Fundi alimimina chai kwenye vikombe vitatu.

Binti yangu ndiye aliyerudisha kaseti mwanzo. "Sikiliza unavyojibu," akasema kwa Kiingereza chake, akachukua chaki ya fundi na kipande cha karatasi ya kukatia nguo. Nilipokuwa nikisema kwenye kaseti, "Hapana mama, maji ya kutosha siku mbili yanatosha," yeye akaandika: Niweke maji kiasi gani? Niliposema, "Mchungaji akisema dunia inaisha, mwambie apande mahindi kwanza," akaandika tena. Sauti yangu ikaendelea: koti ninalo. Nakula. Huyo msichana tuliachana. Karatasi ikajaa maswali ya bibi yake, kwa Kiingereza, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilimsikia mama akiwa na wasiwasi juu yangu.

Ila swali moja lilikosa umbo. Kabla tu ya kuaga, kijana yule alisema haraka: "Na lile la mwisho ulilouliza, mama, hilo ni la kuongea ana kwa ana."

Binti yangu alisimamisha mashine. "Lipi?"

Sikulikumbuka. Nilikwenda nyumbani mara nyingi baada ya hapo, na kila mara niliongea kuhusu kazi yangu.

Nikampigia dada palepale dukani. Nilimwambia kwanza kwamba sauti ya mama haimo, na kwa nini. Kisha nikamuuliza kuhusu lile swali, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika kinasa sauti.

"Si kile kiwanja kando ya nyumba?" akasema, kana kwamba ni jambo la jana. "Aliuliza kama akuwekee ujenge, au alime. Hukujibu, akakuwekea."

Kiwanja chenyewe nakijua. Siku ya mazishi ndipo hema zilipowekwa, juu ya nyasi tupu, na mimi niliwasifu wanakamati wa mazishi kwa kupata nafasi nzuri hivyo.

"Hakuna aliyekigusa," dada akaendelea. "Jirani ameomba apande nepia, majani ya kulisha ng'ombe wake, mvua ikianza. Nilikuwa naogopa kukuuliza. Nimwambieje?"

Binti yangu alikuwa akinitazama, chaki mkononi. Amezaliwa hapa, na nyumba yetu iko hapa, na nimeshajua kwa miaka mingi ni wapi nitazeekea.

"Mwambie apande," nikasema.