Upinde wa Makumbusho na Mkwe Wangu

Nilizaliwa Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, na nimerudi Burundi nikiwa tayari baba wa watoto. Huku Butihinda tunakolima, majirani wananiita Mtanzania, kwa sababu Kirundi changu kinatembea kwa magongo. Jina lenyewe halina ubaya. Mbaya ni mimi, niliyeamua kulifuta kwa kujifanya Mrundi kuliko Warundi wote. Kukiwa na posa, wa kwanza kusimama na kusema "mila zetu" ni mimi. Mila zipi, huwa nazitafuta nikiwa nimeshasimama.

Mwaka huu binti yetu Happy, aliyeolewa Gitega, alijifungua. Nikajiandaa kwenda kumwona mjukuu. Mke wangu Kasilda alibaki na maharage yaliyokuwa yanaanikwa. Akaninyooshea kola ya shati, akasema, "Baba Happy, ukifika kwa wakwe, sikiliza kuliko kusema."

Nikaitikia. Kuitikia sijawahi kushindwa.

Baba mkwe wa Happy anaitwa Emmanuel, mwalimu mstaafu, anakaa mtaa wa Yoba, hapo hapo Gitega. Ni mpole, ana maneno machache, na mtu wa maneno machache hunifanya mimi niseme ya kwake na ya kwangu. Kesho yake baada ya kufika kwangu, akanialika tukaone makumbusho. Tulikwenda kwa miguu, mimi nikimweleza habari za mji wake.

Jumba lile ni la enzi za wakoloni: kuta nene, madirisha madogo, ndani kuna ubaridi kama wa ghala. Nadia, dada anayetembeza wageni, alianza kwa Kirundi kizito. Nikawa natikisa kichwa kila mkwe wangu alipotikisa chake. Tulipofika kwenye kibuyu cha kusukia maziwa nikakitaja kabla yake, maana mama yangu alikuwa nacho kambini. Ushindi ule ndio ulioniponza.

Ukutani ulitundikwa upinde mrefu wenye waya, na kibuyu kimefungwa katikati. Nadia alikuwa ametoka kupokea simu. Mkwe wangu akasimama mbele yake akiukodolea macho. Nikamwonea huruma.

"Huu ni wa kuwindia," nikamwambia. "Mababu zetu walikuwa na akili. Unaona kibuyu? Hayo ni maji ya mwindaji. Akishikwa na kiu, hana haja ya kuweka silaha chini."

"Ahaa," akasema.

Ile "ahaa" niliipokea kama shahada.

"Mbona mdomo wake ni mpana hivi?" akauliza. "Maji hayamwagiki akikimbia?"

"Hakimbii. Anamnyatia swala polepole."

"Na swala naye anangoja?"

"Swala wa zamani walikuwa na subira," nikasema, na Mungu anajua maneno yale yalitoka wapi.

Nilipogeuka, Nadia alikuwa nyuma yetu. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi, ila midomo alikuwa ameibana. Akaacha Kirundi, akaja kwenye Kiswahili kwa kunihurumia.

"Bon, muzehe, hii iko umuduri. Mi nitakuonesha."

Akachukua mwingine, ule ambao wageni wanaruhusiwa kuushika, akaegemeza kibuyu kifuani, akagonga waya kwa kijiti. Chumba kizima kikavuma. Sauti ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililonimaliza. Ingekuwa mbaya ningesema ni upinde ulioharibika.

Mkwe wangu alikuwa ametazama dirishani, mabega yakitikisika.

"Mkwe, ulikuwa unajua?"

"Marehemu baba alikuwa anaupiga," akasema, akijifuta machozi. "Lakini hadithi ya swala ilikuwa tamu. Sikutaka uikatize."

Nadia akanipa niujaribu. Nilivyogonga mwanzo, ulilia kama sufuria iliyoanguka. Akanisogezea kibuyu tumboni, akaniambia nigonge kama nabisha hodi nyumbani kwa mtu mwenye mgonjwa. Nikagonga hivyo, na sauti moja nzuri ikatoka, nikaisikia ikinipita mbavuni. Nadia akapiga makofi, "Voilà, muzehe!" Nilicheka mwenyewe kama mtoto, nikausahau hata uso wangu ulivyokuwa umewaka.

Emmanuel hakunitangaza. Wakati wa chakula cha jioni alimwuliza tu Happy kama baba yake amepewa maji ya kutosha, kisha akainamia sahani yake kwa muda mrefu.

Niliporudi Butihinda ningeweza kunyamaza, lakini siri haikai kwangu. Nilimsimulia Kasilda yote, yeye akipepeta maharage. Nilimsubiri acheke. Hakucheka. Ungo ulikuwa umetulia mikononi mwake.

"Upinde wenye kibuyu?" akauliza. "Kama ule wa mzee Yakobo hapo jirani, unaoning'inia mlangoni kwake?"

"Huo huo."

"Unapigwa? Ni wa muziki?"

"Wa muziki, Mama Happy."

Akauweka ungo chini, taratibu.

"Mimi tangu turudi najua ni mtego wa panya," akasema. "Hata nilimwuliza Yakobo kama unanasa wengi."

"Akasemaje?"

"Akasema inategemea msimu."