Miche Iliyopotea Jumapili

Juma lililopita binti yangu alirudi kutoka shule na mche wa mparachichi kwenye kopo la maziwa. Darasa zima wamegawiwa, kila mtoto akapande kwao. Kabla hajavua hata soksi alikuwa ameshachukua kijiko cha chakula, anatafuta pa kuchimba uwanjani. Na mimi, badala ya kumsifu kama mama wengine, nikamwuliza kama amemwomba mwenye nyumba. Akanishangaa. Ni mti tu, mama. Nikamwambia hakuna kitu kinachoitwa mti tu. Halafu nikacheka peke yangu, maana maneno hayo si yangu. Aliyeniachia yuko kaburini huko milimani, juu ya Kinole.

Nilikuwa kidato cha tatu wakati huo, tunakaa Mji Mpya, Morogoro mjini, na likizo ya Desemba ilikuwa imeanza. Ukaja mradi wa kuwapeleka vijana wa mjini milimani wakapande miti kwenye vyanzo vya maji. Tungelala kwa wenyeji, tungelishwa, na mwisho tungepewa fulana ya kijani na cheti. Nani anagharimia, hakuna aliyejua. Mama yangu, aliyekuwa anauza vitumbua mbele ya nyumba, alimsikiliza mwalimu wa mradi mpaka mwisho bila kuacha kugeuza vitumbua vyake. Kisha akasema cha bure kina mwenyewe. Alinikubalia kwa sababu moja tu: alikishuku kibanda cha video cha mtaani kwetu kuliko alivyoishuku milima.

Tulipita Bigwa asubuhi, nyuma ya lori, tukiimba. Baada ya Kinole lori likakwama kwenye matope na nyimbo zikaisha. Tukapanda kwa miguu, tumebeba magodoro vichwani, ukungu umefunga kiasi kwamba aliyetangulia ulimsikia tu akihema. Wanawake tuliokutana nao wakishuka na mikungu ya ndizi walipokea shikamoo zetu bila kusimama, halafu ukigeuka unakuta wamesimama, wanatutazama kwa nyuma.

Mimi na rafiki yangu wa Mzinga, ambaye baba yake alikuwa anafanya kazi kiwandani kule, tulipangiwa kwa bibi mmoja aliyeishi peke yake. Alikuwa mfupi, mkavu, mguu mmoja unamsumbua. Hakutuuliza majina. Alituuliza mama zetu ni watu wa wapi. Mimi nikaanza kumweleza habari za baba, akanikata.

"Sikuuliza baba. Nimeuliza mama."

Nikasema mama ni Mpogoro, wa Mahenge. Rafiki yangu akasema wake ni wa Singida. Bibi akatikisa kichwa, akaonekana amepumua. "Basi hamna shamba huku," akasema, akaenda kutuletea mashelisheli ya kuchemsha.

Nikikumbuka nyumba ile, kinachonijia kwanza ni harufu. Bibi alikuwa anavuna mdalasini, na jioni tulikaa naye jikoni tukikwangua magome, moshi unatutoa machozi, mikono inanukia mpaka ukila ugali unaona umeungwa. Kulikuwa na magimbi, na kisamvu kilichotwangwa kikalainika kabisa, na mananasi tuliyokula mpaka ndimi zikachubuka. Mvua za vuli zilikuja kila alasiri. Asubuhi ndege hondohondo walipita juu ya bati wakipiga kelele kama watu wanaogombana, na hapo ndipo bibi alipoamka na kutuamsha tukateke maji kabla ya kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye mteremko juu ya kijito. Mwalimu alivuta kamba ndefu kutoka kigingi hadi kigingi, sisi tukafuata na majembe na sululu, tukichimba mashimo kwa mstari. Wengine walibeba miche kutoka kitaluni ikiwa kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya nailoni. Tunachana kiriba, tunatupa, tunapanda mche, tunakanyagia udongo. Nilifurahi, sikufichi. Sikuwahi kufanya kitu ambacho kingebaki baada yangu.

Ila kila jioni bibi aliuliza swali lilelile. Kamba imefika wapi leo? Tukimjibu imefika kwenye mkuyu, au imevuka njia ya kisimani, aliendelea kukwangua gome. Rafiki yangu aliniambia huyu bibi anatuchunguza. Mimi nilidhani ni upweke.

Jumapili ya kwanza wote tuliteremka kanisani misheni, mwendo mrefu, pamoja na karibu kijiji kizima, ila bibi akabaki kwa sababu ya mguu wake. Jumatatu tulipofika mteremkoni mstari mzima wa juu haukuwepo. Miche haikukatwa wala haikuliwa. Ilikuwa imeng'olewa, na mashimo yamefukiwa yakasawazishwa vizuri, kama hatukuwahi kufika pale. Mwalimu alitushuku sisi kwanza. Alisema kuna wavivu waliojaza udongo mashimo matupu ili wahesabiwe wamemaliza kazi, na siku hiyo hatukusemeshana vizuri, kila mmoja anamwangalia mwenzake mikono.

Jumapili iliyofuata ikatokea tena. Sasa mwalimu akaanza kuuliza nani haendi kanisani.

Jibu lilikuwa rahisi, na ndiyo maana kila mtu alilipenda. Jirani wa bibi alikuwa Mwislamu kutoka upande wa Tanga, aliyefika huko ujanani na kuoa. Alikuwa mtu wa kimya. Tulimwamkia kila asubuhi akipita na panga lake, na mara nyingi aliinua kidole tu. Magoti yake siku zote yalikuwa na udongo. Rafiki yangu alipotumwa kwake kuomba moto aliona viriba vyetu vimepangwa ukutani.

"Ndo mwenyewe huyo mzee, nakwambia," alinieleza, na kabla ya mchana alikuwa amemweleza na mwalimu. Mwalimu akamfuata mwenyekiti wa kijiji, na mkutano ukaitishwa kesho yake uwanja wa shule.

Sasa sikiliza yaliyonipata mimi. Asubuhi ya mkutano kuku wa bibi alitorokea nyuma ya jiko na mimi nikamfuata. Nikapita migomba, nikapita midalasini, nikatokea mahali ambapo sikuwahi kufika. Hapo chini palikuwa na miche yetu. Yote. Imepandwa karibukaribu kwa mistari, imefunikwa matawi ya kivuli, udongo umelowa maji. Nilisimama pale mpaka kuku nikamsahau. Nilipogeuka bibi alikuwa nyuma yangu na fimbo yake.

"Imekufa?" akaniuliza.

"Haijafa, bibi."

"Basi sijaua mti."

Akakaa juu ya gogo, mguu ameunyoosha, akanieleza taratibu kama anayemweleza mtoto mdogo. Huku kwao ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama. Mgeni unaweza kumwazima shamba akalima mahindi, maharage na muhogo, vitu vinavyong'olewa vikaisha. Mti hapandi. Anayepanda mti amekaa, na watoto wake watasema hapa ni petu. Yule jirani alikuwa amelima kwenye shamba la ukoo wa bibi tangu wanawe wakiwa wadogo, na hajawahi kuchomeka hata mchungwa. "Sasa nyie mmekuja juzi," akasema, "mnapanda mlima mzima."

Nikamwambia ni mti tu, ni kwa ajili ya maji. Hapo ndipo alipolisema neno lile, kwamba hakuna mti tu. Alipokuwa mtoto aliwaona wazazi wake wakichimbishwa matuta kwa amri ya mkoloni, na walioamrisha walisema vilevile, ni kwa faida yenu. Baadaye, yeye tayari mama, wakaja watu wengine na kamba na vigingi. Walisema wanapima tu. Mpaka wa msitu wa hifadhi ukateremka, na shamba la dada yake likabaki ndani.

Nikamwuliza, na jirani je? Leo wanamsema yeye.

Bibi akaokota fimbo yake. "Jirani ana mdomo wake," akasema, akainuka, akaondoka. Na mimi, ambaye nilikuwa nimeanza kumwelewa, nikamwogopa.

Uwanja wa shule ulijaa. Mwalimu aliinua viriba juu watu wote wavione, akamwuliza jirani vimefikaje kwake.

"Mlivitupa," jirani akajibu. "Nimeviokota, nimeoteshea nyanya."

Mtu mmoja akauliza Jumapili huwa yuko wapi. Akasema Jumapili yuko shambani, kanisani tangu lini wamemwona? Wachache walicheka, lakini hakikuwa kicheko kizuri. Kaka mmoja wa ukoo wa bibi akasimama akasema mgeni akishaanza kuchezea miti ujue ana lake moyoni, heri arudishe shamba aliloazimwa. Wengine wakaitikia. Nilimwona mke wa jirani akivuta kanga usoni. Mambo yalikuwa yanakwenda upesi kuliko mwalimu alivyotaka, hata yeye nilimwona anahangaika, anataka kunyoosha mkono na hajui aseme nini. Nami nilikuwa namtazama bibi tu. Alikuwa amekaa mkekani, macho chini, na kwa kweli niliamini atanyamaza.

Kisha akaegemea fimbo, akasimama.

"Miche ninayo mimi," akasema. "Iko nyuma ya jiko langu, na yote ni mizima. Mwachieni huyo." Akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, mwanangu, hii miti ikishakua ni ya nani?"

Mwalimu angeweza kumdanganya. Hata mimi niliona uongo uko karibu naye, ni kuuokota tu. Alitazama viatu vyake vilivyojaa matope.

"Nimeambiwa ni ya mradi, bibi."

"Mradi unakaa wapi?"

Akasema ofisi iko Dar es Salaam, na yeye mwenyewe hajawahi kufika, huzungumza nao kwa simu.

Mkutano ulikwisha jioni, mvua imetukuta na hakuna aliyeondoka. Walikubaliana hivi: sisi vijana tuchimbe mashimo na kubeba miche, lakini kila kaya ipande yenyewe, kwa mkono wake, kwenye ardhi ya ukoo wake, na mti uwe wake. Mwalimu alikubali bila kupiga simu Dar. Baadhi ya watu walikataa hata hivyo, wakisema huo nao ni mtego, na mashamba yao yakabaki wazi.

Bibi alipanda miche yake yote isipokuwa mmoja, kuanzia mteremkoni hadi karibu na jiko lake. Nilimchimbia mashimo, yeye akapiga goti zima na kushindilia udongo kwa viganja, hakuturuhusu kugusa. Tulipomaliza akatuita mimi na rafiki yangu, akatwambia tutazame vizuri, kwa sababu yeye atakufa na sisi tutabaki, na siku tukiulizwa nani alipanda tuseme tulichokiona. Halafu akachukua mche uliobaki, mkangazi, akaenda nao hadi kwa jirani. Hakumwomba radhi. Alimwambia tu, "Kapande."

"Nikapande wapi?"

"Unapolima."

Jirani aliupokea kwa mikono miwili. Lakini siku zilipita, mche uko barazani kwake ndani ya kimoja cha viriba alivyookota, anaumwagilia na kuutazama. Nadhani alikuwa anangoja aone kama bibi atabadili mawazo, au kama kuna mtu atakuja kumkamata nao. Tulipoondoka alikuwa bado hajaupanda.

Mradi haukurudi mwaka uliofuata. Fulana yangu ilichakaa, cheti sikukipata. Bibi alifariki nikiwa chuo, nami nikapata habari baada ya mazishi.

Miaka ikapita, siku moja mtu akasimama mlangoni kwa mama akiniulizia. Alikuwa yule jirani, amezeeka, ameshika kofia. Alisema pametokea watu kijijini na ramani kwenye simu, wamesimika kibao pale mteremkoni kinachosema miti yote juu ya kijito ni ya mradi, na sasa wanataka kupima eneo. Wajukuu wa bibi walikuwa wanatafuta walioona. Rafiki yangu wa Mzinga familia yao ilishahama, namba yake haipatikani. Nilibaki mimi.

Nilikwenda. Nilisimama mbele ya baraza la kijiji, nikaeleza kama ninavyokueleza wewe. Kijana mmoja mstaarabu aliyekuja na wale wapimaji aliniuliza ninawezaje kukumbuka miti ipi ni ya nani. Nikamwambia mashimo nilichimba mimi, aliyepanda nilimwona. Jirani naye akasimama, akaonyesha mkangazi mnene katikati ya shamba lake, akataja aliyempa na maneno aliyomwambia. Baraza likasema ardhi ni ya ukoo. Kibao kiling'olewa siku hiyohiyo, na mimi hadi leo sijui hasa waliokisimika walikuwa ni akina nani, au kama watarudi.

Baada ya hapo niliomba nipelekwe nyumbani kwa bibi. Nilidhani nitapajua, lakini nyumba haikuwepo tena. Miti imekuwa mirefu, matawi yamekutana juu, chini kuna kivuli cha baridi na majani makavu. Mananasi yamekufa kwa kukosa jua. Midalasini michache imebaki, imerefuka kama fito, hakuna anayeivuna, kwa sababu wajukuu wawili wanaendesha bodaboda Morogoro na mwingine yuko Dar, wanakuja huku siku za misiba tu. Kijito kilisikika kikiteremka, kimejaa kuliko nilivyokikumbuka. Nilizungukazunguka nikitafuta jiko lilipokuwa, nikitafuta hata jiwe moja la mafiga. Mwishowe jirani akanishika mkono, akanisogeza hatua chache, akasema ni hapa, hapa uliposimama.