Muuaji ni Yule Asiyetoa Chai

Maoni ya kwanza ya mama kuhusu vile vitabu yalikuwa kwamba yule mpelelezi hafai kualikwa popote.

"Kila nyumba anaingia, mtu anakufa," alisema. "Mimi singemfungulia mlango."

Kitabu cha kwanza nilikitoa kwa muuzaji anayetandaza vitabu vikuukuu juu ya gunia karibu na steji ya Kitengela. Alikuwa nao mfululizo karibu wote, wa Kiingereza, nami nikarudi kwake hadi nikaumaliza. Ulihusu mjane mmoja wa ng'ambo mwenye duka la nyuzi za kufumia, katika kijiji kidogo ambacho mvua haikomi. Upelelezi hakuusomea popote. Alikuwa mdaku tu, mwenye muda. Macho ya mama hayakuweza tena herufi ndogo, na Kiingereza chake alikiacha darasani zamani, kwa hiyo kila Jumamosi alasiri nilimsomea nikitafsiri, yeye akichambua kunde.

Sikuvinunua kwa kupenda hadithi za mauaji. Nilivinunua kwa sababu mama alikuwa ananiponyoka. Baada ya kumzika baba nilimchukua kutoka Kakamega, maana mimi ndiye mtoto wake wa pekee na lile boma lilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Kitengela hakuipenda. Hakupenda upepo wala vumbi, wala milima ya mbali isiyo na mti hata mmoja wa maana. Zaidi ya yote hakupenda maji. Kisima cha ploti yetu kinatoa maji ya chumvi, sabuni haitoi povu, na maziwa huamua yenyewe kama yatakubali kuchanganyika na majani. Siku alipofika alionja chai yangu, akasimama dirishani na kutangaza, kwa ile sauti aliyozoea kuitia watu ng'ambo ya mto, "Hii si chai. Hii ni dawa ya minyoo. Watu wa hapa wako na ulimi kweli?"

Nilicheka, na tangu hapo nikawa nanunua mtungi wa maji matamu kwa ajili ya chai yake. Lakini begi lake lilibaki limesimama kando ya mlango, nguo zikitolewa moja moja na kurudishwa humo humo. Kila Jumapili baada ya kanisa aliniuliza gari la nyumbani linaondoka saa ngapi. Nilikuwa nimeshampoteza baba, na swali hilo lilinikata maini.

Vitabu vilimfanya akae. Sauti yangu ilipita dirishani, na Jumamosi moja jirani wa mlango wa pili akaja na kigoda chake, akauliza kama anaweza kusikiliza. Alikuwa mjane kutoka Makueni, rika la mama, mwenye kuku wachache na maneno machache. Mama wa Kimaasai anayetuletea maziwa naye alianza kukawia kizingitini. Alimsalimu mama "Takwenya," na mama, ambaye hakutaka kujifunza chochote cha Kitengela, siku moja akajibu "Iko" kwa Kimaasai hicho hicho, bila kutambua.

Kila mmoja alikuwa na maoni yake. Mama wa maziwa aliona wazi kwamba watu wa kile kijiji wanauana kwa sababu hawana ng'ombe. "Mtu akiwa na ng'ombe atapata wapi nafasi ya kumwekea mwingine sumu?" aliuliza. Jirani alimtetea mpelelezi. "Nyumba yake imenyamaza sana," alisema. "Ndiyo maana anafuata mambo ya watu." Mama aliacha kunde kidogo, akamtazama. Jumatatu yake, niliporudi kutoka kazini, nilimkuta mama kwa jirani, wote wawili wamekaa kivulini wakisengenya kuku.

Mama ndiye aliyegundua njia ya kumkamata muuaji mapema. Mjane wa nyuzi alipenda kutembelea washukiwa, na karibu wote walimwekea chai. "Angalia nani hampi," mama alisema. "Mtu ambaye hataki ukae ndiye ako na jambo." Tulifika mwisho wa kitabu, na kweli, muuaji alikuwa yule aliyemsimamisha mlangoni. Kitabu kilichofuata, vilevile. Mama alitamba wiki nzima. Alisema polisi wa kule wanakula mshahara bure.

Kisha Jumamosi moja nilimkuta amelitoa begi kando ya mlango, ameliweka kitandani, na anakunja nguo.

"Jumatatu naenda nyumbani," alisema. "Usinibembeleze."

Nilimuuliza kosa ni lipi. Alikunja leso mara ya pili kabla ya kujibu.

"Huyu jirani. Tunaongea, tunacheka. Ananipa ndizi, ananipa soda, juzi akanichemshia yai. Chai, hata siku moja. Kwetu mtu akikunyima chai anakuambia nini? Anakuambia usizoee." Alifunga zipu. "Niko na macho, mtoto wangu. Hiyo kitabu tumesoma pamoja."

Kwetu ni hivyo hasa. Mgeni anaweza kukosa nyama, hata ugali, na asinung'unike. Akikosa chai, anakwenda kuusimulia ukoo mzima.

Jirani aliingia na kigoda chake kama kawaida, mama wa maziwa nyuma yake na kibuyu. Jirani aliliona begi, akaketi polepole, mama naye akachukua sinia yake ya kunde. Mimi nilifungua kitabu kwa kukosa la kufanya, nikaanza kusoma. Mjane wa nyuzi alikwenda kumwona daktari wa kijiji. Walizungumza sebuleni kurasa mbili nzima, birika likiwa pale pale mezani, tupu.

"Huyo ndiye," mama alisema, macho yakiwa kwenye kunde. "Ambaye hatoi chai."

Mama wa maziwa alishika kibuyu chake vizuri zaidi.

"Basi muuaji ni mimi," jirani akasema.

Mama aliendelea kuchambua.

"Siku ulikuja, nilikuwa hapo nje nalisha kuku. Nilisikia vile ulisema juu ya chai ya hapa. Mimi maji yangu ni hiyo ya kisima. Nikanunua maji tamu ya mkokoteni nikupikie, nikaionja, kumbe ni ya kisima tu, jamaa alinidanganya. Nikaona aibu. Nikasema, afadhali yai."

Mama aliweka sinia chini. "Nilisema dawa ya minyoo?"

"Ulisema."

"Na ulisikia?"

"Mama, hata kuku walisikia."

Mama alijifuta mikono kwa leso, akainuka, akatoka nje, akauvuka ua hadi mlango wa jirani, akaingia bila kubisha. Tulimsikia akigongagonga sufuria. "Majani unaweka wapi?" aliita, kwa ile sauti ya ng'ambo ya mto.

Tulikunywa kwake, wote wanne. Maziwa yalikuwa yamekatika, vipande vikielea. Mama alishika kikombe kwa mikono miwili na kunywa bila kupumzika hadi mwisho.

"Ni mbaya?" jirani aliuliza.

"Mbaya kabisa," mama akasema. "Niongeze."

Kitabu kilibaki kwangu juu ya kiti, kimefunuliwa kwenye ukurasa wa daktari. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Tulirudi kutoka kanisani, mama akavua viatu, nami nikasimama jikoni nikingoja aniulize saa ya gari.

Aliniuliza vimebaki vitabu vingapi.