Mshororo wa Vifaranga

Mume wangu alikuwa mshona kofia. Kazi hiyo ndiyo iliyotulisha. Kazi yake ya pili haikutulisha, ila ilitujazia nyumba wanawake wa mji mzima: alikuwa akitunga maneno ya nyimbo za taarabu, zile za kuchekesha na kuchoma. Ungempita mtaani Mlandege ukamwona kwenye kiduka chake, kofia ya viua gotini, uso umekunjamana kama kadhi, usingeamini kuwa huyo ndiye anayewavunja mbavu wake za watu. Mwenyewe hakucheka. Miaka yote niliyokaa naye sikumwona hata siku moja akiyachekea maneno yake.

Nasema miaka ya hamsini, tulipokuwa tunakaa mjini, mimi kijana bado. Skuli sikusoma. Nilihitimu chuo cha Kurani, basi, na kwa kuwa yeye akiandika kwa herufi za Kiarabu, niliweza kuwasomea waimbaji mpaka wakahifadhi. Waimbaji walikuwa kikundi cha wanawake. Mume wangu si mtu wa kukaa na wake za watu, kwa hiyo kila kitu kilipita kwangu. Mkubwa wa kikundi akija mchana ananiimbia sauti mpya bila maneno, naishika, jioni nampa mume wangu. Mimi naimba la-la-la, yeye ameinama na karatasi na sindano yake ya kofia, kila silabi anatoboa tundu. Akimaliza karatasi haina neno hata moja, matundu matupu, mistari na mistari. Hapo ndipo anapoanza kutafuta neno la kuingia katika kila tundu. Likizidi silabi moja analitupa, hata liwe tamu vipi.

Mwenye kutaka wimbo alikaa nyuma ya pazia akaeleza yaliyomsibu. Mume wangu alikuwa na sharti moja, akilisema kabla ya salamu kukauka: "Nipe jambo, jina kaa nalo." Hakutaka kujua unayemsema. Alikuwa akiniambia kuwa akilijua jina, maneno yatamlemea upande mmoja.

Siku moja akaja mtu na jambo lake. Mume wake kaoa mke wa pili, na huyo mke wa pili kila akija mgeni anajisifia mapishi na watoto ambao si wake. Mume wangu akachagua kuku. Siku tatu akahangaika na ubeti mmoja:

*Kuku ameatamia, mayai hakuyataga,*
*Jogoo akipitia, parapanda aipiga,*

akakwama. Mstari wa tatu matundu yake yalikuwa wazi. Nilikuwa nachambua mchele. Nikasema tu, bila ya kuinua uso:

*Vifaranga vikilia, atazama kwa uoga.*

Akahesabu matundu kwa ncha ya sindano. Silabi zikatosha zote kumi na sita. Akaniangalia muda mrefu, kisha akaandika. Katika maisha yangu hiyo ndiyo sifa kubwa niliyopewa, na mimi nilijivuna nayo kuliko dhahabu.

Sasa nimseme dada yangu. Dada yangu wa tumbo moja, mkubwa wangu, alikuwa akikaa Bububu, nje ya mji. Mungu hakumjaalia mtoto. Mimba tatu zilimtoka. Mimi nilipozaa mtoto wa pili, nilimpa binti yangu wa kwanza amlee, kama ilivyokuwa ada kwetu, na wala hatukuandikiana. Alimchukua ana miaka miwili. Wakati ninaousema alikuwa na miaka sita, anamwita dada yangu mama, na mimi ananiita mama mdogo. Niliridhika. Au nilisema nimeridhika.

Ikaja harusi ya jamaa zetu, wanawake watupu, uani, baada ya sala ya alasiri. Dada yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka wa mbele na mtoto mapajani. Kikundi kikaanza wimbo wa kuku. Watu wakacheka kwa parapanda mpaka mwimbaji akalazimika kungoja. Halafu ukaja mshororo wangu. Kusikia neno nililolisema mbele ya ungo wa mchele likitoka kwa sauti ile, na ngoma na udi, na watu mia wakilirudia! Nikasimama. Nikachomoa kikuba changu cha asumini kifuani, nikaenda mbele nikamtuza mwimbaji.

Kwa asiyejua taarabu yetu, haya hayana kitu. Lakini kwetu, anayesimama kutuza kwenye ubeti, ubeti ule ameufanya wake. Anasema: haya ni maneno yangu, na yupo humu ninayemwambia. Watu wanatazama aliyesimama, kisha wanatafuta pa kupeleka macho. Mimi, mke wa mtungaji, niliyezaa mtoto akawa mikononi mwa mwingine, nilisimama kwenye kuku asiyetaga. Hawakutafuta mbali. Nilipogeuka kurudi nilipokaa, uani kote watu wanamtazama dada yangu.

Aliinuka. Alimfunga mtoto ukaya kichwani, akavaa buibui lake, akatoka.

Kesho yake asubuhi alikuja nyumbani. Hakuvuka kizingiti. Alimsukuma mtoto ndani taratibu, akaweka na furushi la nguo za mtoto, zimefuliwa na kupigwa pasi. "Vifaranga vyako," akasema, akaondoka.

Mtoto alilia siku nne. Chakula changu hakukitaka, mikono yangu hakuitaka. Kanga ya dada yangu iliyofungiwa zile nguo ndiyo aliyoishika, akiita mama, nami mama mzazi nimesimama mbele yake. Siku ya pili alilia mpaka akatapika, na mimi nilisimama pale na bakuli la uji nisijue nifanye nini, namtazama. Nilikuwa namtazama kwa uoga. Nilipolitambua hilo niliweka bakuli chini.

Nikamwendea mume wangu. Nikamwambia wewe unamjua aliyeuagiza ule wimbo, unajua ni habari ya mke mwenza, nenda Bububu ukamwambie dada jina la mwagizaji, imalizike. Akakataa. Nikamwambia maneno makali ambayo sitayaandika. Akaendelea kushona, kisha akaweka kofia chini.

"Nitamwambia kuku ni wa fulani," akasema. "Na ule mshororo wako, niseme uliupata wapi?"

Nikarudi kwa mtoto. Nilijua nilikoupata. Mwaka mmoja kabla ya hapo mtoto alishikwa na homa, nikaenda Bububu, nikamkuta dada yangu amesimama penye kitanda, mikono inaning'inia, anamtazama mtoto kama mtu anayetazama moto. Nikamsukuma kando nikamkanda mtoto mwenyewe. Na moyoni, Mungu anajua, nilifurahi. Nilifurahi kuwa hajui. Sikumkusudia dada yangu nilipoutoa mshororo ule, lakini ulitoka pale pale.

Basi nikaenda Bububu peke yangu. Nikamwamkia, "Shikamoo, dada." Akaitika, "Marahaba." Akaniwekea kiti, akaniletea chai kwa kikombe cha wageni, mimi niliyezoea kujipakulia jikoni kwake. Nikaanza kuomba radhi. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Pale ulisimama mbele ya watu," akasema. "Hapa tuko wawili. Nani atakusikia?"

Nikanywa chai yake, nikarudi mjini.

Haikupita wiki mbili, nikasikia hodi, na sauti ya dada yangu. Alikuwa amekuja kwa mume wangu. Alikaa nyuma ya pazia kama wanawake wengine, ingawa hapo kabla hajawahi kukaa nyuma ya pazia nyumbani kwangu. Mimi nilikuwa jikoni, na nyumba zetu za mawe kuta ni nene lakini milango haifungiki vizuri.

Mume wangu akatoa sharti lake kama kwa mtu yeyote. "Nipe jambo, jina kaa nalo."

"Nikae nalo?" akasema dada yangu. "Jina unalala nalo, shemegi."

Nikasogea mlangoni. Nilidhani atamkatalia. Nikamsikia akisema, "Haya. Eleza."

Jioni ile mume wangu aliniita nimwimbie sauti mpya ya kikundi. Nilijua inakwenda kwenye wimbo gani, naye alijua kuwa najua. Nikaimba la-la-la, yeye akatoboa. Siku hiyo nilichambua mchele wangu nikafunga mdomo, na yeye hakuniuliza kitu. Alipomaliza hakunificha. Alinipa karatasi niwasomee waimbaji, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu. Niliwasomea. Mmoja wao aliinamisha kichwa, wengine wakahifadhi.

Harusi iliyofuata ilikuwa mitaa yetu ileile, saa zilezile za alasiri. Dada yangu alikaa mkeka wa mbele, mimi nyuma kidogo, na mtoto magotini kwangu, amekonda. Wimbo ukafika penyewe:

*Ulinipa kwa mikono, kwa macho umeniomba,*
*Hukulitamka neno, kwa watu ukaniimba.*

Safari hii hapakuwa na kicheko. Mume wangu aliyewachekesha wote alikuwa ameandika maneno yasiyo na mzaha hata kidogo. Dada yangu akasimama, akachomoa kikuba chake, akamtuza mwimbaji, na macho yote yakanijia mimi. Na anayepigwa kwa wimbo ada yake ni kukaa kimya kama si yeye, kisha akatafute mtungaji wa kumjibia. Mimi mtungaji nilikuwa naye nyumbani.

Nikamteremsha mtoto, nikasimama. Watu walidhani naondoka. Nikaenda mbele nikachomoa kikuba changu, nikamtuza mwimbaji yuleyule, kwenye ubeti uleule, kando ya dada yangu. Niliyafanya maneno yale yangu. Ndiyo, mimi ndiye niliyetoa mtoto kwa mikono nikaomba kwa macho anirudie, na waliomo humu wote wasikie. Mwimbaji hakujua aendelee au anyamaze. Dada yangu hakunishika mkono wala hakunikumbatia. Si mtu wa hivyo, nami pia si wa hivyo. Alipita kando yangu akaenda pale nilipokuwa nimekaa, akamnyanyua mtoto.

Zile nguo nilizipeleka Bububu mwenyewe kesho yake. Kikombe cha wageni hakikutoka.

Mume wangu alitunga miaka mingi baada ya hapo. Alipokwama hakuniuliza tena, na mimi sikumpa tena. Wimbo wa kuku watu waliupenda, wakauimba sana, na kila ulipofika kwenye vifaranga nilikwenda uani kwa nyuma kunawa mikono.

Dada yangu keshafariki. Aliyemkosha maiti na kumlilia kama mtoto ni binti yangu. Sasa naye ni mtu mzima, anakuja kunitazama kila Ijumaa, anasimama mlangoni anaita, "Mama mdogo." Naitika, "Naam."